Krismasi ya Njiapanda

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na mizigo ya Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi, na madereva wengi hulala hapo. Ni njiapanda iliyo wilaya ya Biharamulo, kusini mwa mkoa wa Kagera. Lami ya kutoka Kahama kupitia Ushirombo na Runzewe inakutana hapo na barabara ya Kigoma, ile inayopita Kasulu, Kibondo na Kakonko kwa takriban kilomita 300. Ukinyoosha mbele unafika Lusahunga, na hapo unachagua tena: kulia Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba, kushoto Nyakahura, Ngara na mipaka miwili, Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Serikali imejenga Nyakanazi kituo cha pamoja cha ukaguzi wa malori, na TANESCO ina kituo kikubwa cha kupoza umeme.

Wakazi wake wengi wametoka kwingine. Wasubi ndio wenyeji wa Biharamulo, lakini kwenye mabanda ya Nyakanazi utasikia Kisukuma cha wafugaji na wauza mchele, Kiha cha waliokuja na mawese na dagaa wa Kigoma, Kihangaza cha Ngara, Kihaya cha wenye maduka. Kinachowaunganisha ni Kiswahili na madeni ya dukani.

Nilikuwa natoka Tabora kwenda Rulenge, wilaya ya Ngara, kula Krismasi kwa rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa ni mwalimu huko. Mwisho wa mwaka tiketi za mabasi ya Kanda ya Ziwa hupatikana kwa kusukumana, kwa hiyo nikaamua kwenda na pikipiki yangu, Honda XL 125 ya zamani iliyotumikia mradi mmoja wa maji kabla ya kupigwa mnada. Nyuma nilifunga begi na dumu la lita tano la asali. Mtu wa Tabora akienda ugenini bila asali huulizwa kama amefukuzwa kwao.

Nililala Kahama. Asubuhi ya tarehe 24 nikaondoka na manyunyu, nikavuka Ushirombo, nikanywa chai Runzewe. Ukishaiacha Runzewe mashamba yanapungua, msitu wa miombo unakukaribia pande zote mbili, na nyumba zinakuwa za kuhesabu. Huko ndiko tairi la nyuma lilikoanza kuyumba.

Pancha ya kawaida ningeiziba mwenyewe, maana nilikuwa na viraka, gundi na pampu. Ila tyubu ilikuwa imechanika kwenye shina la ule mdomo wa kujazia upepo, na mahali hapo kiraka hakishiki. Ilitakiwa tyubu nyingine, ya saizi 18. Bodaboda zilizojaa barabara hii, Boxer hasa, zina rimu za 17. Honda za aina yangu zilikuwa za mabwana shamba, mapadre na wauguzi wa chanjo. Siku hizi zimebaki chache, na vipuri vyake vinauzwa mijini.

Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa semi-trela lenye kontena. Hata breki hazijamaliza kutoa upepo, utingo wake alikwisha kuruka chini na panga. Akakata matawi mabichi, akayatandaza barabarani nyuma yetu, mafungu mawili yaliyoachana, kisha akafanya vivyo hivyo mbele. Kila anayesafiri nchi hii anaijua alama hiyo: majani mabichi kwenye lami maana yake kuna chombo kimeharibika, punguza mwendo.

"Pole sana, kaka," dereva alisema kutoka dirishani. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Tyubu tu."

"Afadhali. Tyubu inanunuliwa."

Nikamuuliza kama anaweza kunipakia hadi Nyakanazi. Akatikisa kichwa, akanionyesha kontena. Lilikuwa na sili, mzigo wa nje, na juu ya sili kile kifaa cha kielektroniki kinachowaambia watu wa mapato lori liko wapi na limesimama kwa muda gani. Hapakuwa na pa kuweka pikipiki, na kwenye kichwa haruhusiwi kubeba mtu. Lakini hakuondoka. Aliniambia atakaa hadi apite mtu wa kunisaidia, kwa sababu jua lilikuwa linaelekea magharibi na mahali penyewe hapakuwa na kijiji. Hazikupita dakika nyingi simu yake ikaita. Nilimsikia akieleza kwa upole kwamba amesimama porini kwa sababu kuna mtu ameharibikiwa. Hapana, si gari letu. Hapana, sili ni nzima. Ndiyo, naondoka sasa hivi. Akakata simu, akanishushia chupa ya maji, akaendelea kukaa.

Ndugu msomaji, usiione hiyo kuwa jambo dogo. Dereva wa mzigo wa nje analipwa kwa safari, na kila anaposimama pasiporuhusiwa kuna mtu ofisini anaandika. Aliyekaa na mimi alikuwa akitumia muda asiokuwa nao, tena mkesha wa Krismasi, huku mpaka ukimngoja.

Tena kusimama kwenye barabara hii hakujawahi kuwa jambo jepesi. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 na kwa miaka mingi ya 2000, mapori ya Biharamulo, Kibondo na Kasindaga kule Muleba yalijulikana nchi nzima kwa utekaji. Vita vya Burundi na Rwanda vilikuwa vimemwaga bunduki mpakani. Mabasi yaliondoka kwa msafara, askari mwenye silaha akiwa kiti cha mbele, na abiria waligawa fedha zao sehemu tatu: soksi, sidiria na kidogo mfukoni cha kumpa jambazi. Watekaji walizijua alama za barabarani kama tunavyozijua sisi. Gogo likilazwa njiani, au matawi yakitandazwa kwenye kona, dereva alikuwa na sekunde chache za kuamua kama mbele yake kuna aliyeharibikiwa au kuna waliojificha. Wengi walichagua kukanyaga mafuta. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na abiria 60 nyuma yao.

Nilimuuliza dereva wangu kama alifanya kazi miaka ile.

"Nilikuwa utingo," alisema. "Tulikuwa hatusimamii mtu. Hata aliyelala chini, tulimpita. Mpaka leo kuna mmoja sijui alikuwa mgonjwa au alikuwa chambo."

Hakuongeza neno, nami sikumchokoza.

Kijana wa bodaboda alitokea upande wa Nyakanazi amembeba mama mwenye mfuko wa mchele mapajani na kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Alisimama, akakagua tairi, akapiga mluzi. Aliniambia ana kamba, atanivuta. Ila kwanza amfikishe mteja wake, kitongoji cha mbele. Yule mama akamkatiza.

"Mvute kwanza wewe! Mimi nitakaa hapa na mjomba wa lori. Kuku wangu hawana haraka ya kufika."

Ilibidi tumsihi ndipo akubali kupelekwa kwanza. Kijana alimfikisha, akarudi, na lori ndipo likaondoka kwa honi ndefu. Utingo aliyakusanya matawi yake yote na kuyatupa mtaroni kabla ya kupanda. Nakuomba ukumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Kuvutwa kwa kamba kwenye lami iliyolowa, tairi la nyuma likiwa limelala, ni kazi ya kusali. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea na kuhema. Njiani nilihesabu hasara ya kijana huyu: mkesha wa Krismasi ndiyo siku bodaboda hupata kuliko siku zote, watu wanarudi kwao na mabegi, soda zinapelekwa vijijini kwa kreti, na nauli haibishaniwi sana. Tulipofika niliuliza anidai kiasi gani. Akataja nauli ya kawaida ya safari moja, akaipokea bila aibu na bila kuongeza. Nilipotaka kumwongezea alisema, "Bosi, hiyo inatosha. Na mimi nimewahi kuvutwa."

Fundi pancha alikuwa amefunga. Tulimkuta nyumbani kwake amejipaka mafuta, shati jeupe limenyooshwa, anajiandaa kwenda kanisani. Alilivua shati, akalikabidhi kwa mkewe kwa uangalifu mkubwa, akavaa ovaroli. Tyubu ya 18 haikuwepo Nyakanazi nzima. Aliulizia kwa simu maduka mawili na kwa jirani mwenye stoo. Akasema tutafanya ya 17. Inawezekana, kwa sababu mpira unavutika: unaijaza upepo kidogo ipate umbo, unaipaka poda isijikunje, unaivalisha kwenye rimu taratibu kuanzia kwenye mdomo, kisha unarudisha tairi kwa vyuma viwili huku ukiomba chuma kisiibane tyubu. Haitadumu kama ya saizi yake, alinionya, na nisiende kasi wala kubeba mtu. Ukifika Ngara au ukirudi Kahama, tafuta ya kwake.

Akafanya hesabu mbele yangu. Tyubu shilingi 8,000, nilipe, kwa sababu si yake, kaikopa kwa jirani. Kazi ya mikono, hakuna. Mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na shati mkononi alimwangalia kwa macho ambayo kila mume anayajua, kisha akacheka, akaniambia, "Ndivyo alivyo. Ndiyo maana paa letu halijaisha." Nikawagawia asali kikombe kizima. Haki isemwe: mke yule alichangia kazi ile sawa na fundi, na hakuna aliyemuuliza.

Wasimulizi wa Krismasi wangependa niseme kwamba gesti zote zilijaa nikalala zizini. Zilikuwa na nafasi tele. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, wanaolala njiani wamepungua, na mhudumu alinipa chumba chenye neti na ndoo ya maji ya moto kwa bei ya kawaida. Nilikwenda kwenye mkesha, nikasimama nyuma na madereva waliovaa makoti. Kwaya iliimba kwa kinanda kilichokuwa kikizimika na kuwaka. Padre alihubiri kwa ufupi, akijua watu wamechoka na mvua inakuja.

Asubuhi ya Krismasi ndipo nilipoifahamu Nyakanazi. Malori yalikuwa yamepangana kandokando ya barabara, na chini ya matrela madereva walikuwa wameshusha majiko kutoka kwenye visanduku vyao, wanakaanga vitunguu. Wengine walikuwa kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, na huko ndiko nilikofuata chai. Kila siku ya mwaka mama huyo anauza. Siku ya Krismasi anapika sufuria moja la pilau na moja la ndizi na nyama, na anayekula ni yeyote ambaye siku hiyo hana kwao pa kwenda. Hatoi bili.

"Shikamoo mama. Unafanya hivi kila mwaka?"

"Marahaba, baba. Kila mwaka, tangu mume wangu alipofia njiani, Singida huko, akiwa na lori la watu. Waliomwosha na kumfunika nilikuwa siwajui. Hadi leo siwajui." Akageuza nyama. "Halafu usinifanye mtakatifu. Hawa wanaokula leo bure, Machi wanakuja kula kwa hela. Biashara yangu naijua."

Nilimwamini zaidi kwa maneno hayo ya mwisho. Wakarimu wasioifahamu hesabu yao huchoka upesi, au huanza kudai shukrani. Mama huyu alijua kila kilo ya mchele imetoka wapi.

Pembeni ya benchi alikaa kijana mmoja, miguu ina matope ya shambani, anajibu kwa sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi. Madereva wawili walimtania kwa mzaha uliokuwa na ncha, wakimwuliza kama ana kitambulisho au wamwitie uhamiaji. Si utani mtupu. Vibarua wa Burundi wanaovuka kuja kulima Ngara, Kibondo na Kasulu wanajulikana, wanahitajika msimu wa jembe, na ndio wa kwanza kuondolewa. Mwaka 2013, katika ile Operesheni Kimbunga iliyoendeshwa Kagera, Geita na Kigoma, maelfu waliamriwa kuondoka, wakiwemo watu waliokuwa wameishi hapa miongo na kuoa hapa. Mama lishe alisikia utani ule. Hakugomba. Alipakua sahani, akapita mbele yangu niliyekuja kabla, akamkabidhi yule kijana kwanza.

"Huyu ndiye hana kwao kweli," aliniambia. "Wewe una pikipiki."

Nilikuwa nimeshaanza kujisifia moyoni ukarimu wa Watanzania, na sahani ile ikanizuia. Mimi nilisimamiwa na lori, nikavutwa, fundi akavua shati jeupe kwa ajili yangu, na hakuna aliyeniomba karatasi. Sura yangu, lafudhi yangu ya Tabora na namba ya usajili ya pikipiki vilinitangulia. Sidhani kijana yule angesimamiwa upesi vile, saa ile, kwenye msitu ule.

Niliacha nusu ya asali iliyobaki, nikaondoka kabla ya saa sita. Barabara ya Nyakahura siku ya Krismasi ni tupu, na ndiyo siku nzuri kuliko zote ya kuiendesha. Watoto wamevaa nguo mpya zenye mikunjo ya dukani. Baada ya Nyakahura nchi inaanza kujikunja vilima, migomba inaongezeka, hewa inapoa. Nilisimama Benaco kujaza mafuta na kupima upepo wa tyubu yangu ya kuazima saizi.

Benaco sasa ni senta ya malori yenye baa na vibanda vya chipsi. Jina lake lilitokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24 na kukaa kwenye vilima hivi. Hatimaye wakimbizi waliwazidi kwa idadi wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Kuni ziliisha, mihogo iling'olewa usiku, na wenyeji waliovumilia hayo hawakutajwa sana kwenye habari za dunia. Kisha ikaja Desemba 1996. Serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31. Wengi walikimbilia upande mwingine, ndani zaidi ya Tanzania, wakarudishwa na wanajeshi, na kufikia mwisho wa mwezi zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamevuka tena daraja lile lile. Kwa hiyo kuna watu wazima Rwanda leo ambao kumbukumbu yao ya Krismasi ya 1996 ni barabara hii, kwa miguu, godoro kichwani. 

Rulenge niliwakuta wamekula, wameniwekea. Jioni wazee walikuja kuonja asali, na mazungumzo yakaenda kwa Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Huyo aliuchukua ujamaa kwa uzito kuliko makatibu wengi wa chama: alijiunga na kijiji cha Nyabihanga, akaishi na kulima na wanakijiji. Mzee mmoja alisema watu walibishana sana kama askofu anapaswa kushika jembe, na kwamba yeye mwenyewe bado hajaamua.

Sasa lile la matawi. Kati ya Nyakahura na Benaco, kwenye mteremko wenye kona, nilikuta mawe matano makubwa yamebaki katikati ya njia yangu na majani yamekauka pembeni. Lori lililokuwa limeharibika liliondoka zamani. Aliyetengenezewa alishukuru, akapanda, akaenda zake, na mawe aliyowekea magurudumu akayaacha. Mchana niliyaona. Usiku, kwa taa ya Honda ya zamani au ya bodaboda mwenye abiria wawili, nisingeyaona. Kila mkazi wa barabara hii ana msiba wa aina hiyo wa kukusimulia.

Dereva mwenzangu, wa lori, wa basi, wa gari dogo: nunua pembetatu za kuakisi mwanga, sheria inazitaka na hazina gharama kubwa. Ukilazimika kutumia matawi na mawe, usiwashe injini kabla hujayaondoa yote, hadi la mwisho. Na wewe wa pikipiki unayekwenda njia ya Nyakanazi mwisho wa mwaka, beba tyubu ya saizi yako na ya 17, kwa ajili ya utakayemkuta.